Ami Ghanim na Mbu wa Mchana

Jambo la kwanza nililoligundua kwa Ami Ghanim ni namna alivyovuta pumzi. Ukimwuliza swali, hata dogo kama la wapi zilipo karatasi za mashine ya kuchapia, hakujibu papo hapo. Alivuta pumzi ndefu kwa pua, akaituliza kifuani, kisha akaitoa polepole, na jibu likatoka pamoja nayo. Siku yangu ya kwanza kazini nilidhani nimemuudhi, nikalirudia swali. Akanitazama juu ya miwani.

"Nimekusikia, mwanangu. Nnapanda."

"Unapanda wapi, ami?"

"Juu. Mtu hapandi kwa pupa, atapasuka mapafu."

Wenzetu wakacheka, na ndipo nilipojua kwamba yule mchora ramani wa miaka hamsini na tisa, mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, alikuwa mzamiaji tangu ujana wake. Miaka thelathini chini ya maji ilikuwa imemfunza kupumua, na hakuona sababu ya kupumua vyengine akiwa nchi kavu.

Ofisi yetu ipo Qurum, hapa Maskati, ghorofa ya tatu, na tunachora ramani za pwani. Sisi vijana tunachora kwa kompyuta. Yeye alianza kwa kalamu za wino, na meza yake ndiyo pekee iliyobaki na kioo juu. Chini ya kioo kile aliweka ukurasa wa kalenda uliopauka: nyumba ya mbao ya rangi ya samawati, imesimama juu ya miguu minne, baraza mbele na bahari nyuma. Pameandikwa Utila, kisiwa kidogo cha Honduras katika bahari ya Karibi, ambako wazamiaji wasiokuwa na fedha nyingi huenda kutoka dunia nzima.

Ukurasa ule aliuchana marehemu mkewe, Bi Bakhita, mwaka ambao binti yao Taghreed alianza skuli.

"Mwezi wenyewe haujaisha!" alinisimulia. "Nikamwambia, Bakhita, sasa tarehe tutaijuaje? Akanambia, tarehe utaiuliza kazini. Hii ni nyumba ya bibi yangu Wete, wameitia miguu tu."

Bi Bakhita alizaliwa Pemba, Ami Ghanim Unguja, na wote wawili waliletwa Maskati na wazazi wao wakiwa bado wanafunzi. Walioana mwaka 1981. Ijumaa zao zilikuwa Yiti, kijiji cha pwani nje ya mji, kwenye kijumba alichoachiwa Ami Ghanim na babake, wakati ambapo njia ya kwenda huko ilikuwa ya mawe na gari ilifika imevaa vumbi kama imepakwa unga. Yeye alizama na mtungi wake wa hewa. Mkewe alikaa ufukweni na chupa ya chai na mtoto mapajani, akihesabu mapovu. Baadaye Bi Bakhita alichoka kuhesabu, akajifunza kuzama mwenyewe, akiwa na miaka arubaini. Taghreed alikua baina yao, na alipofika miaka kumi na sita walikuwa wakizama watatu, wameshikana mikono kama watu wanaovuka barabara. Kila akizisimulia Ijumaa zile, Ami Ghanim alikuwa akitabasamu huku akitazama dirishani, upande ambao hakuna kitu isipokuwa maegesho ya magari.

Walipanga kwenda Utila wakistaafu. Bi Bakhita alifariki miaka minne iliyopita, kwa maradhi ya figo.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2016, magazeti yalijaa habari za Zika. Ni maradhi yanayoletwa na mbu, na wakati ule yalikuwa yameenea katika nchi nyingi za Amerika, Honduras ikiwemo. Mtu mzima huumwa siku chache akapona. Hofu ilikuwa juu ya mimba: mama akiambukizwa, mtoto anaweza kuzaliwa na kichwa kidogo, na ubongo usiokua. Wasafiri walivunja safari zao kwa wingi, na bei za tiketi zikaporomoka. Mimi ndiye niliyeziona, mwezi wa Machi, kwenye skrini yangu.

"Ami, nauli ya Utila imeshuka karibu nusu. Ila ukishakata hurejeshewi. Na ni ndege nne na boti moja."

Akavuta pumzi, akaituliza.

"Ngoja nimuulize Taghreed kwanza. Nafasi ya mama yake ni yake."

Hapa lazima niseme jambo ambalo wakati ule mimi sikulijua, wala Ami Ghanim. Taghreed, mwenye miaka thelathini na tatu, mfanyakazi wa benki, ameolewa na Yazan huu mwaka wa tisa. Mara mbili alishika mimba na mara mbili ikaharibika. Ile ya pili, ndugu na jamaa walikuwa wameshajua, na zawadi zimeshaanza kuletwa. Ilipotoka, Ami Ghanim alisimama mbele ya kitanda cha binti yake, moyo umemkatika, akasema mbele ya watu: "Mmetangaza mapema. Hizi ndizo hasada za watu. Mara nyengine asijue mtu. Hata mimi nisiambiwe, mpaka lijionyeshe lenyewe."

Katika familia zetu kuficha mimba changa ni desturi. Si jambo la kumshangaza mtu. Lakini kwa kawaida wazazi huambiwa. Taghreed alilichukua neno la baba yake kama lilivyo. Siku baba alipomjia na habari za Utila, yeye alikuwa na siku nne tu tangu kujua kwamba ana mimba ya tatu.

"Siwezi, baba. Kazi nyingi benki."

"Benki itakimbia?"

"Na wewe usende. Hujasikia habari za mbu?"

"Mbu? Mimi nimeumwa malaria sijajua kutembea. Mbu ananijua kwa jina."

"Ahirisha mpaka mwakani, nakuomba."

Ami Ghanim akasema maneno ambayo baadaye alitamani ayameze: "Mama yako asingenikatalia."

Asubuhi ya pili alinijia mezani. "Kata," akanambia. "Mtu mmoja."

Akaondoka tarehe kumi na tisa Aprili na begi moja la mgongoni. Alikodi kitanda katika nyumba ya wageni ya vijana, chumba cha watu sita, jiko la pamoja, feni moja inayozunguka ikikumbuka. Alituletea picha: yeye katikati, ndevu nyeupe, amezungukwa na vijana wa Kizungu waliobabuka jua, na sufuria la wali wa jodari mbele yao. Chini ameandika: "Wajukuu zangu. Hawajui kupika hata maji."

Alirudi Ijumaa, tarehe sita Mei. Kwetu anayetoka safari hapokelewi kwa mkono mtupu. Taghreed aliandaa chakula nyumbani kwake, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchuzi wa papa. Alinialika na mimi, maana mimi ndiye niliyekata ile tiketi, na kwa utani aliniita wakala. Sinia lilikuwa limeshatandikwa chini. Tukasikia mlango wa teksi.

Taghreed alifungua. Ami Ghanim alikuwa amesimama kizingitini, kanzu imekunjamana, macho mekundu kama aliyepikia kuni, na mikononi vipele vyekundu mpaka kwenye vifundo. Akafungua mikono yake miwili.

Taghreed akarudi nyuma mpaka akagonga kabati la viatu.

"Baba, simama hapo hapo."

"Bado umenikasirikia?"

"Macho yako yana nini?"

"Vumbi la safari. Na kihoma kidogo, tangu juzi."

Yazan akaja mbio kutoka jikoni, akasimama baina yao. "Ami, samahani. Usiingie."

"Yazan! Unanizuia mimi mlangoni?"

Taghreed akaweka mkono tumboni, juu ya lile gauni pana ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini analivaa.

"Nna mimba, baba. Wiki ya kumi na moja. Ulisema usiambiwe."

Nilimwona Ami Ghanim akivuta pumzi, na sikuona akiitoa. Alirudi hatua moja, na nyengine, mpaka akafika ukuta wa nje.

"Funga mlango," akasema. "Funga, mwanangu. Na madirisha."

Gari yake alikuwa ameiacha pale tangu siku aliyoondoka. Tukamsikia akiipiga moto, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ikawaka, akaenda zake Yiti na begi lake. Lile sinia hatukuligusa. Alasiri Yazan alikitia chakula kwenye hotipoti akampelekea.

Kesho yake baba na binti walitolewa damu. Daktari aliwaeleza kwa utulivu kwamba Zika haipiti kwa kukaa pamoja wala kwa kula sinia moja. Hatari ni mbu amuume baba, kisha amuume binti. Kwa hivyo kwa wiki tatu baba asiumwe na mbu, na mama mjamzito apigwe picha ya tumbo kila mwezi, kichwa cha mtoto kipimwe. Vipimo vya damu vingechelewa, maana vinapelekwa mbali.

Ami Ghanim aliyachukua maneno ya daktari akayazidisha mara kumi. Alitundika chandarua barazani Yiti, akakaa ndani yake tangu alfajiri mpaka kulala. Ijumaa iliyofuata nilikwenda kumtazama pamoja na mama yangu, ambaye ni mtu wa Unguja wa rika lake na hana subira na unyonge wa mtu yeyote.

"Ghanim," mama akasema kabla hajavua viatu, "ndiyo umekuwa bibi harusi? Mbona hatukukupaka hina?"

"Kaa mbali, Bi mkubwa. Nna maradhi."

"Maradhi yako nimeyasoma gazetini. Haya, tueleze ulichokifuata huko."

Na ndani ya chandarua kile akatusimulia. Nilidhani atatueleza matumbawe, na papa shilingi, wale wakubwa wenye madoa, ambao kisiwa kile kinasifika kwao. Papa hakumwona, na hakuonekana kujali. Alichotueleza ni harufu.

Siku ya pili alikuwa akipita kichochoroni akenda kukodi mtungi, mara akasimama. Uani mwa nyumba ya mbao, iliyosimama juu ya miguu kama ile ya kalenda, mwanamke mtu mzima anaitwa Miss Verna alikuwa akichoma shelisheli juu ya makaa.

"Shelisheli!" mama akasema, na sauti yake ikabadilika.

"Zima, na ganda lake, limeungua nje jeusi. Nilikuwa sijainusa harufu ile tangu nna miaka kumi na tano. Hapa Maskati utalipata wapi? Miguu ilikataa kwenda. Yule bibi akaniona nimesimama kama nguzo, akanivunjia kipande, akatia na chumvi na tui. Wallahi nilikula nikilia. Akanambia kwa Kiingereza chao, mzee, umeungua ulimi? Nikamwambia ndiyo."

Tangu siku ile, kila baada ya mbizi ya asubuhi, alikwenda kukaa kwenye vidato vya jiko la Miss Verna, ubavuni mwa mapipa ya maji ya mvua. Bibi yule alikuna nazi, alisukuma mikate ya nazi, aliwagombeza kuku. Wakati mwengine Ami Ghanim alimsaidia kukuna. Alisema akifumba macho aliisikia Unguja ya mama yake, na akiyafumbua alimtafuta Bakhita amwoneshe.

"Na mbu?" nikauliza.

Akaona haya. "Usiku nilijihifadhi vizuri. Chandarua, soksi, mikono mirefu. Nilichoma na udi mpaka wale vijana wakatoka nje wakikohoa."

"Na mchana, pale kwenye mapipa?"

"Kikoi na fulana."

"Ghanim!" mama akapiga kofi. "Usiku umejifunga kama maiti, mchana umejianika kama ng'onda!"

"Mbu kwetu ana saa zake, Bi mkubwa! Nani alikuwa na habari ya mbu wa saa nne asubuhi? Niliwaona miguuni, nikawapiga makofi, nikaendelea kula."

Tukacheka sote, na yeye pia, halafu kicheko kikamwishia ghafla. Mimi nilielewa. Kila mtoto aliyelelewa visiwani anafunzwa kumwogopa mbu wa usiku, wa malaria. Wa Zika huuma mchana, na maji yaliyotuama kwenye mapipa ndiyo makazi yake. Yeye alikwenda kukaa pale pale, kwa sababu pale ndipo alipoipata tena asubuhi ya utotoni mwake.

Simu ikalia. Alikuwa Taghreed, anapiga kila alasiri. Ami Ghanim akaiweka sauti kubwa ili na sisi tumsalimie.

"Baba, umekunywa maji?"

"Nimekunywa."

"Yazan ananambia habari za shelisheli. Ulikwenda kupiga mbizi au kula?"

"Vyote viwili." Akaisogeza simu karibu. "Taghreed, kwa nini hukunambia? Neno moja tu. Nisingekwenda hata uwanja wa ndege."

Mama akanishika mkono tutoke, lakini Taghreed alishaanza kusema.

"Wewe ndiye uliyeniambia nisiseme. Ulisimama mbele ya watu, baba. Nililala pale nikaona kumbe mimi ndiye niliyeipoteza, kwa mdomo wangu. Hii ya sasa nikaogopa hata kuitaja nikiwa peke yangu."

Ami Ghanim alikishika chandarua kwa mkono, kama mtu anayetafuta mlango.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Lile halikuwa kosa lako. Nililisema kwa uchungu, na lilikuwa neno baya."

"Na la mama?"

"Na la mama yako pia. Angenipiga kwa upawa, ungemwona."

Tukamsikia akicheka na kulia kwa pamoja. Mama yangu alijifanya anatafuta viatu vyake.

Majibu ya damu yalikuja mwisho wa mwezi wa Mei. Ya Ami Ghanim yalionesha kwamba alikuwa na Zika kweli. Ya Taghreed yalikuwa safi. Tulishangilia ofisini, akaleta halwa. Lakini daktari alimwambia Taghreed kwamba vipimo hivi vipya havina uhakika wa mia kwa mia, na kwamba picha za kila mwezi ziendelee.

Ndipo Ami Ghanim alipotoa kalamu zake za wino. Alitandika juu ya meza karatasi nzuri, ile tunayoiweka kwa ramani za kuhifadhiwa, akachora mstari mwembamba wa namna kichwa cha mtoto kinavyotakiwa kukua, wiki kwa wiki, kama alivyoupata kwa daktari. Kila picha ya Taghreed ikitoka, Yazan alimpigia kumsomea milimita, na yeye akatia nukta. Hakumruhusu mtu mwengine kuishika kalamu ile. Mwezi wa Ramadhani nukta ilikaa juu ya mstari. Julai, juu ya mstari. Agosti, unywele mmoja chini yake, na wiki nzima Ami Ghanim hakula chakula cha mchana. Alikuwa akiniita, "Njoo, mwanangu, macho yako bado mapya, hii imeshuka au haikushuka?" Nilimwambia imeshuka kidogo sana. Sikuweza kumdanganya mtu aliyechora pwani yote ya nchi hii kwa mkono. Septemba walipima kwa mashine nyengine, na nukta ikarudi juu. Akaagiza samosa za ofisi nzima.

Mwezi huu wa Novemba daktari alimwambia Taghreed kwamba kila alichokiona ni cha mtoto mzima, lakini atalitamka neno la mwisho akishamshika mkononi. Tangu hapo Ami Ghanim huja kazini kabla ya mlinzi. Baada ya kazi huenda kwa binti yake, hupita mtaani chini ya taa za Sikukuu ya Taifa ambazo bado hazijateremshwa, hukaa naye sebuleni, na hawazungumzi habari za mtoto. Wanazungumza habari za Yiti, na jinsi Bi Bakhita alivyokuwa akiimba ndani ya maji mpaka mapovu yakamtoka kwa mikupuo. Taghreed ananambia kwamba baba yake amekumbuka mwaka huu mambo ambayo hakuwahi kumsimulia, na kwamba yeye huyaandika pembeni ya daftari la kliniki, ili yasipotee.

Leo ni Alkhamisi. Saa nne asubuhi Yazan alipiga simu. Uchungu ulianza alfajiri, wameshapokelewa hospitali, na Taghreed anataka baba yake awe nje ya mlango. Ami Ghanim alisimama, akakaa, akasimama tena. Alitoka na kalamu mfukoni na miwani kaisahau mezani. Nilimkimbilia nayo mpaka kwenye lifti.

"Vuta pumzi, ami," nikamwambia.

"Nnavuta! Haiendi!"

Mlango wa lifti ukajifunga. Sasa ni saa tisa. Ofisi imeshafungwa nusu saa iliyopita na hakuna aliyeondoka. Mama amenipigia mara tatu tangu adhuhuri.

"Bado?"

"Bado, mama."

"Mtoto wa kike au wa kiume?"

"Mama, bado hajazaliwa."

"Najua. Nauliza tu."

Nimeiweka simu yangu katikati ya meza kubwa, sauti juu, na sote tumekaa tukiitazama.